Kubaki Chuoni Si Ushahidi wa Mfungamano

Kila ninapoitwa na uongozi wa chuo kikuu kuzungumzia msongo wa kazi, nasikia kauli ileile: wahadhiri wetu hawajiuzulu, kwa hiyo wamefungamana na chuo. Kauli hiyo imeniudhi kwa miaka mingi kwa sababu inawaficha wale hasa wanaohitaji msaada. Mwaka 1991 wanasaikolojia John Meyer na Natalie Allen walieleza kwamba mfungamano wa mtumishi na taasisi una sura tatu: yupo anayebaki kwa mapenzi, yupo anayebaki kwa kuhisi ana wajibu, na yupo anayebaki kwa kuwa kuondoka kutamtia hasara. Mhadhiri aliyesomeshwa uzamivu kwa mkataba wa kurudi kukitumikia chuo, na ambaye mkopo wa nyumba unakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi, hataandika barua ya kujiuzulu hata alemewe vipi. Kwenye takwimu za rasilimali watu analingana na mwenzake anayeipenda kazi. Tofauti huonekana kwenye tasnifu zinazokaa miezi mezani bila kusomwa, na kwenye vikao vya idara anavyohudhuria bila kufungua kinywa. Wakuu wa idara, nawasihi mumuulize kila mhadhiri, faraghani na bila kuandika jina lake popote, kama angebaki iwapo kuondoka kusingemgharimu chochote.

Wengine huamini kwamba semina ya siku moja ya kujituliza inatosha. Mtafiti wa msongo wa kazi Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kinachoumiza zaidi ni madai makubwa ya kazi yanapokutana na uhuru mdogo wa kuyaamulia, na mwenye madaftari 400 ya mitihani ya kusahihisha kwa ratiba asiyoshirikishwa kuipanga hatasaidiwa na mazoezi ya kupumua.

Kuchakaa kwa kazi, yaani mtu kuishiwa nguvu na ari kwa sababu ya kazi yake, si udhaifu wa mtu wala ugonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuchakaa huko ni hali ya kikazi inayotokana na msongo sugu usiodhibitiwa ipasavyo.

Tena si kweli kwamba anayegoma amekikana chuo. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma mwaka 2017 na 2018 wakipigania makubaliano ya pamoja ya mishahara, na mtu anayebishana na mwajiri wake bado anatarajia kitu kutoka kwake. Mimi humtafuta kwanza yule aliyeacha kulalamika.