Oksijeni 98 haimaanishi kwamba mgonjwa anapumua

Wiki hii nimeisikia tena chumba cha endoskopi, tunamoingiza mrija wenye kamera mwilini: "Dada, usihangaike, oksijeni 98." Mgonjwa alikuwa anakoroma, na mwenzangu akaniambia usingizi umemkolea. Safari hii sikunyamaza.

Mtu akikoroma baada ya midazolamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) na fentanili (ya maumivu), njia yake ya hewa inaziba. Koo limelegea, ulimi umerudi nyuma. Na mkoromo ukikatika wenyewe usishukuru haraka: huenda njia imefunguka, huenda imeziba kabisa. Tazama kifua. Weka kiganja uhisi pumzi.

Sasa hiyo asilimia 98. Kifaa cha kidoleni kinapima oksijeni iliyomo kwenye damu, pumzi hakiijui. Mgonjwa uliyemwekea oksijeni puani ana akiba mapafuni. Anaweza kupumua kidogo mno, hata akaacha kwa muda, na namba isitikisike huku kaboni dioksidi inapanda. Akiba ikiisha, namba inaporomoka, na hata hapo kidole kinachelewa: unachosoma kimeshapita sekunde kadhaa. Oksijeni mpe, sikatai kabisa, ila ujue umeizima kengele yako ya kwanza.

Tena kuna linalotugusa sisi hasa. Mwaka 2020 watafiti Marekani walilinganisha namba ya kifaa cha kidoleni na kipimo cha damu ya mshipa wa ateri. Kwa wagonjwa weusi, upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Wagonjwa wangu karibu wote ni weusi. Kwangu 92 ni hatari tayari, sisubiri ifike 90.

Kapnografu, mashine inayopima kaboni dioksidi kwenye pumzi, ndiyo inayoonyesha kila pumzi inayotoka kwa mstari wa skrini. Lakini nikiri: kwenye endoskopi ya juu, ya koo na tumbo, mdomo uko wazi, hewa inapitia huko, na mstari unalala ilhali mgonjwa yuko salama. Nimeshasimamisha kazi bure kwa sababu hiyo, na sina kanuni ya kujua lini niuamini. Hata hivyo naitaka.

Midazolamu, ongeza kidogo kidogo na usubiri. Flumazenili, dawa ya kumzindua aliyepewa midazolamu, inaisha nguvu kabla ya midazolamu yenyewe, kwa hiyo aliyezinduka kwayo haruhusiwi kwenda nyumbani upesi.

Yule mgonjwa nilimwinua kidevu, nikaisukuma taya mbele. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikapanda, mkoromo ukaisha. Kwenye skrini ilikuwa 98 kabla sijamgusa, na ikabaki 98.