Betri ya moyo ya punje ya mchele: usiisubiri

"Mwanangu, mimi sipasuliwi kifua. Nasubiri ile ndogo." Tangu picha ya betri ya moyo (pacemaker, kifaa cha kuuchochea moyo upige) iliyo ndogo kuliko punje ya mchele izunguke kwenye simu, maneno haya nayasikia mno hapa Tanga, na yatakuja kuua mtu.

Ile ndogo haikutengenezwa kwa ajili yako, mzee wangu. Ilitangazwa Aprili 2025 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakiongozwa na John Rogers na Igor Efimov. Urefu wake ni milimita 3.5, upana 1.8, unene 1. Metali zake zikigusana na majimaji ya mwili, umeme unazalika. Kiraka kinachobandikwa kifuani ndicho kinachokipa amri kwa mwanga unaopenya ngozi. Kazi ikiisha, kifaa kinayeyuka mwilini. Kinayeyuka! Walengwa ni wanaohitaji msaada wa siku chache, hasa watoto waliotoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, wasiachiwe zile waya za muda za kuupa moyo umeme, ambazo baadaye huvutwa nje. Kuzivuta kuna hatari: mwanaanga Neil Armstrong alivuja damu ndani kwa ndani zilipotolewa mwaka 2012, akafariki. Na kilipotangazwa, kilikuwa kimejaribiwa kwa wanyama na kwa mioyo ya binadamu iliyotolewa kwa utafiti, basi.

Wewe ambaye njia ya umeme wa moyo imeziba, mapigo 35 kwa dakika, unaanguka ukiinuka kwenye sijida, unahitaji betri ya kudumu, na unaihitaji sasa. Safari ijayo utaanguka ukiwa juu ya bodaboda. Kifua chenyewe wala hakipasuliwi. Unapigwa ganzi, unachanwa kidogo chini ya mtulinga, waya inapitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanaifanya kazi hiyo.

"Betri ikiisha nakufa papo hapo." Hapana. Inaonyesha dalili miezi kadhaa kabla, ili mradi huruki kliniki.

"Nikiwekewa naacha dawa za presha." Betri haishushi presha. Meza dawa.

Simu ongea nayo, ila usiiweke mfuko wa shati juu ya kifaa. Iwe mbali sentimita 15.

Na mliovuka miaka 60, hesabuni mapigo kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, dakika nzima kwa saa. Sekunde 15 mara nne sizitaki, maana moyo unaoruka mapigo utakudanganya. Ukipata chini ya 40 na kichwa kinazunguka, uje hospitali ya Bombo, hapa Tanga, siku hiyo hiyo.