Upulike: mlango wa shairi ni sikio

Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la ushairi, huwa naandika ubaoni mishororo hii minne na kukaa kimya:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Wanafunzi huanza kuhesabu kwa vidole. Ndivyo walivyozoezwa tangu sekondari. Mwaka jana kijana mmoja alinyoosha mkono akasema mshororo wa kwanza una kasoro: mizani 7, yaani silabi 7, ilhali iliyobaki ina 8. Nikamwomba ausome kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye neno la mwisho akasita, akalirudia: bi-n-ti. Ile n hapo ni silabi kamili, ina pigo lake, na yeye mwenyewe huitamka hivyo kila siku bila kujua. Mizani ni 8. Kasoro ilikuwa ya jicho.

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na nimekutana na watu wengi wanaosema mashairi hawayawezi. Karibu wote hawajawahi kuyasikia. Waliyaona kwenye karatasi ya mtihani, wakaambiwa "bainisha vina", wakabainisha, wakapata alama zao, basi. Hawakuambiwa kwamba mwenye kutunga ubeti ule alikuwa mama mgonjwa anayezungumza na mwanawe.

Ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu katika kisiwa cha Pate. Utenzi wake ni wa mwaka 1858, nao ameutunga kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Ndiyo maana maneno yanagoma mwanzoni. "Negema" ni nisogelee. "Mchachefu wa sanati" ni mwenye miaka michache, yaani bado mdogo. "Upulike" ni usikilize. "Asa" ni huenda. Ukishayajua hayo manne, rudi usome tena kwa sauti, na utaona mama hajaanza kwa amri. Ameanza kwa kumvuta mtoto karibu: sogea, bado mdogo wewe, sikiliza wasia, huenda ukauzingatia. Neno hilo "huenda" hunigusa kila mara. Mama mwenye cheo, mjane wa mtawala, hana hakika kama atasikilizwa.

Sasa hivyo vina vinapata kazi. Mishororo mitatu inagonga -ti, -ti, -ti, kisha wa nne unaachia -a. Hiyo -a ndiyo bahari ya utenzi: itarudi mwisho wa kila ubeti, beti mia na ushei, kama wimbi linalorudi ufukweni. Msikilizaji wa Pate hakuwa na kitabu mkononi. Bahari ndiyo iliyomwambia ubeti umekwisha, vuta pumzi, mwingine unakuja. Na tenzi zilighaniwa kwa mahadhi. Anayezisoma kimoyomoyo ni kama anayetazama ngoma bila kuisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mwepesi. Soma kwa sauti mara tatu kabla ya kufungua kamusi. Mara ya kwanza ulimi utajikwaa. Mara ya pili utajua wapi pa kupumua. Mara ya tatu jiulize: nani anasema, na anamwambia nani? Swali hilo limenifungulia mashairi mengi kuliko uchambuzi wowote wa tamathali.

Mchukue Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi karibu mwaka 1840. Kabla yake, tungo nyingi zilizohifadhiwa ni za dini na za mashujaa wa dini. Muyaka akalishika shairi la mishororo minne, mizani 8 ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 utao (nusu ya pili), akalitia mjini: mapenzi, njaa, madeni, fitina za watawala, vita vya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Sayyid Said wa Oman. Mengi aliyatunga kujibu au kujibiwa. Ukisoma upande mmoja tu wa majibizano hayo bila kujua aliyekuwa upande wa pili, utadhani ni mafumbo yasiyo na mwisho. Beti zake zilikaa vichwani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor walipozikusanya. Zilidumu kwa sababu vina na mizani ni msaada wa kumbukumbu. Ukikosea neno moja, ubeti wenyewe unakushtua.

Fumbo nalo lina sababu zake. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya kisiasa yenye kichwa "Kenya: Twendapi?", akatoka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*. Humo mna ndugu wawili wanaogombea mnazi: mmoja yuko juu anakula, mwingine yuko chini anadai haki yake. Mtoto wa Kilifi ataliona ni shairi la mnazi, na si kosa, kwa kuwa mnazi wenyewe umechorwa vizuri. Mwenye kujua lilikotungwa atasikia nchi nzima ikibishana. Mimi humwambia msomaji aanze na mnazi. Anayerukia siasa kabla hajaona makuti huwa amepoteza nusu ya utamu. Humo pia mna shairi "Siwati". Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, maana yake ni siachi. Litamke neno hilo moja, na kumbuka lilitoka mdomoni mwa mtu aliye ndani ya kuta za gereza.

Halafu huja swali ambalo darasa langu halijawahi kukosa: je, lisilo na vina ni shairi? Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani, yaani mkusanyiko wa mashairi, *Kichomi*, akaviacha vina na mizani, na mabishano ya wanamapokeo, wanaoshika vina na mizani, na wanausasa, wanaoviacha, yakawaka. Nimekaa na pande zote mbili na msimamo wangu ni kwamba sikio lilelile linatosha. Kwa Kezilahabi sikiliza mshororo unapokatika: pumzi inakatwa mahali ambapo hukutarajia, na ukimya unaofuata unafanya kazi ambayo kwa Mwana Kupona inafanywa na ile -a. Ukisoma shairi huru ukaona unaweza kuunganisha mistari yote kuwa aya moja bila kupoteza chochote, hapo una haki ya kulalamika. Na mimi hulalamika, kwani yako mengi ya namna hiyo. Vilevile yako mashairi yenye vina safi yasiyosema neno.

Wa leo hawajachagua upande mmoja. Mohamed Khelef Ghassany, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, alishinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa diwani yake *N'na Kwetu*. Jina tu lishakwambia ni sauti ya mtu aliye ugenini. Dotto Rangimoto wa Morogoro aliipata mwaka 2017 kwa *Mwanangu Rudi Nyumbani*. Tafuta diwani hizo uzisome jioni moja pamoja na Mwana Kupona. Mzazi na mtoto, nyumba na safari, mwito wa kusogea karibu: yote yamo tena.

Yule kijana wa mizani 7 alirudi baada ya likizo na rekodi kwenye simu. Bibi yake mzaa mama ni mtu wa Lamu, na kijana hakuwahi kumuuliza habari za tenzi. Tukasikiliza darasa zima. Sauti ilikuwa ya kizee na ya taratibu, haina kitabu, inapita ubeti wa maradhi yaliyotimiza mwaka, inafika pale mama anapomwambia binti aje mbele akae:

na wino na qaratasi

Hapo bibi akakatiza mahadhi akamuuliza mjukuu wake, "Unaandika, mwanangu?"