Kabla ya kununua eksteno, uliza inakufaje

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea eksteno yake, ile diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta, ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha khanga kama mtoto mgonjwa. Nikamwamkia, akaitikia, na hata hajakaa akasema, "Mwanangu, hii si ni ya terabaiti mbili? Imekufaje wakati haijajaa hata robo?"

Nina miaka 13 kwenye kazi hii ya kompyuta hapa Mwanza, na swali hilo nalisikia kila mara kwa sura tofauti. Watu wananunua vifaa vya kuhifadhia kazi zao kama wanavyonunua tanki la maji: likiwa kubwa ndilo zuri. Mimi ukubwa naufikiria mwishoni kabisa. Kwanza namuuliza mteja kifaa kitakaa wapi, nani atakuwa anakishika, na siku kikifa hiyo kazi itakuwa imebaki wapi kwingine. Maana kitakufa tu. Ninachohangaikia mimi ni kwamba kisife siku moja na mwenzake.

Nikaichomeka eksteno ya mama. Ikaanza kugonga: tk, tk, tk, kimya, tk, tk, tk. Nikaichomoa hapohapo.

Ndani ya eksteno ya kawaida mna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na juu ya kila sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Uwazi ulio katikati ni mdogo kiasi kwamba punje ya vumbi haipenyi. Ikianguka huku inazunguka, kichwa kinagonga sahani, na palipokwaruzwa ndipo hesabu zako zilipokuwa. Ule mlio ni kichwa kinachotafuta alama zake na kuzikosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila unapoichomeka "nione kama leo itakubali", unaikwaruza zaidi. Mama alikuwa ameichomeka kwa siku nne mfululizo, na katikati kijana wa jirani akamshauri ailaze kwenye friji usiku mmoja. Jamani, ushauri wa friji uachwe. Diski iliyotoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto la Kirumba inatoka jasho kama soda, na maji hayo hayana kazi nzuri humo ndani.

Pamoja na hayo yote, diski za sahani bado nazipenda, kwa sababu mara nyingi zinaugua kabla ya kufa. Zina hesabu zao za ndani za sehemu zilizoharibika, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakusomea hesabu hizo kwa dakika moja. Ukiona idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika vikabadilishiwa nafasi, inapanda wiki hadi wiki, usingoje mlio. Halafu ni za bei nafuu ukilinganisha terabaiti kwa terabaiti. Kwa nakala inayokaa kabatini na kutolewa siku maalumu, hizi ndizo ninazonunua mwenyewe.

SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu badala ya sahani, ni kiumbe kingine. Haina kinachozunguka, kwa hiyo hata ukiiangusha sakafuni kwa kawaida itaendelea na kazi. Ina mbio pia: diski ya sahani ikijitahidi inatoa megabaiti 100 na kitu kwa sekunde, SSD ya kawaida inayotumia waya wa SATA inafika 500 na zaidi. Kama laptopu yako ya zamani inakutesa, badilisha diski yake iwe SSD kabla hujafikiria kununua laptopu mpya. Tatizo lake ni namna inavyokufa. Inakata kauli ghafla. Jana ulifanya kazi vizuri, leo kompyuta haiioni kabisa, na fundi hana pa kuanzia. Tena SSD inakumbuka kwa chaji za umeme zilizofungiwa kwenye vyumba vidogo vidogo, na ikikaa bila umeme chaji hizo huvuja polepole. Kigezo cha JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya vifaa hivi, ni kwamba SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa itunze data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Iliyo mpya inavumilia muda mrefu zaidi, lakini joto linapunguza. Ukiwa na duka la bati lisilo na dari, fikiria hilo kabla hujaweka picha za familia ndani ya SSD na kuisahau miaka mitatu.

Flashi mimi naiita mkokoteni: ya kubebea mzigo kutoka hapa hadi steshenari. Hakuna anayelala kwenye mkokoteni.

Na kwenye flashi ndiko kwenye utapeli mkubwa. Ukikuta flashi imeandikwa terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana, elewa kwamba ndani mna chipu ndogo, pengine ya gigabaiti 32, yenye programu iliyofundishwa kudanganya. Kompyuta ikiuliza "una nafasi kiasi gani?", inajibu terabaiti mbili. Unamwaga mafaili, majina yanaonekana yote, moyo unatulia. Kumbe baada ya gigabaiti 32 za kwanza inaandika juu ya yale ya mwanzo, au inayatupa tu. Unagundua siku ya kufungua. Dawa ni programu ya bure inayoitwa H2testw: inaijaza flashi mpaka mwisho, kisha inasoma tena kila ilichoandika na kukwambia kilichopotea. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye, na risiti iweke karibu.

Ila usichanganye utapeli huo na ile tofauti ndogo inayowafanya watu waje kugomba: eksteno ya terabaiti 1 kusomeka gigabaiti 931. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Basi.

Sasa kuna adui ambaye maandishi ya watu wa mbali huwa hayampi uzito, naye ni ziwa letu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote za nchi kavu na kukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na huko juu mawingu ya radi yanajengeka. Ndiyo maana mara nyingi ngurumo zetu zinaanza wakati ofisi zimefungwa na kila kitu kiko kwenye soketi. Radi si lazima ipige paa lako. Ikipiga nguzo ya umeme mbali kidogo, inatosha. Nimewahi kufungua kompyuta ya ofisi moja ya Nyakato nikakuta pawa saplai imeungua, diski ya ndani imeungua, na eksteno ya nakala, iliyokuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo usiku kucha "ili ijikopi yenyewe", nayo imeungua. Nakala walikuwa nayo, tena ya jioni ileile. Walichokosa ni kuitenganisha.

Wengi wanadhani UPS, lile boksi lenye betri, ni kinga ya radi. UPS inakupa dakika chache za kufunga kazi umeme ukikatika, na hilo peke yake linaokoa diski nyingi, maana kukatika katikati ya kuandika kunaharibu mpangilio wa mafaili. Kinga ya mawimbi ya umeme, na ile gadi mliyozoea kuweka kwenye friji, zinasaidia umeme unaporudi kwa kishindo. Radi ya kweli inazidharau zote. Tena inaingia hata kwa waya wa mtandao unaotoka kwenye antena ya juu ya paa. Kinga ninayoiamini ni kuchomoa. Nakala isiyogusa ukuta haiunguzwi na ukuta.

Kwenye ofisi ndogo mazungumzo huwa yanahamia kwenye NAS, lile boksi lenye diski mbili au nne linalounganishwa na rauta ili kila mtu ahifadhi kazi sehemu moja. Nikiri: miaka ya mwanzo niliwauzia watu NAS ambazo hawakuzihitaji. Ofisi ya kompyuta mbili tatu inatosheka na folda moja iliyoshirikishwa na eksteno mbili. Mkifika watano sita mnaogombania faili moja, hapo sawa, nunua. Na ukiiweka jengo la karibu na maji, safisha feni zake mara kwa mara. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakivutwa na taa, wanaishia humo ndani kama ugali mkavu.

Kosa kubwa la NAS liko kwenye kile wauzaji wanachokisifia, kwamba diski mbili zinaandikwa sawasawa, moja ikifa nyingine inaendelea. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini si nakala. Kioo kinafuata uso. Ofisi moja ya uhasibu katikati ya mji, binti wa mapokezi alifuta folda ya mteja kwa bahati mbaya, na diski zote mbili zikatii ndani ya sekunde ileile. Virusi vya kudai fidia navyo hufanya hivyohivyo. WannaCry, mojawapo ya virusi hivyo, ilipozunguka dunia Mei 2017 ilipita kwenye mitandao ya ofisi ikifunga mafaili kwa ufunguo, na diski iliyounganishwa na kompyuta iliyoambukizwa haikuwa na pa kujificha. Kwa hiyo hata mwenye NAS bado anahitaji eksteno mbili za kupokezana: moja iko ofisini ikipokea nakala ya Ijumaa, nyingine iko nyumbani kwa bosi, Buzuruga au popote. Ijumaa ijayo zinabadilishana. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Mimi kwa huku kwetu naongeza neno moja: moja iwe haijachomekwa.

Kama ni zahanati au ofisi ya wakili, hiyo inayosafiri ifungwe kwa nenosiri, kwa programu kama BitLocker au VeraCrypt. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi 1 Mei 2023, na begi lililosahauliwa kwenye daladala lenye majina na magonjwa ya watu si jambo la kuomba radhi tu. Nenosiri lenyewe liandike kwenye karatasi, liweke mbali na eksteno. Nimeshaona watu wakijifungia nje ya nakala yao wenyewe.

Wapiga video wa harusi ndio wateja wangu wagumu, na nawaelewa. Kamera ya 4K ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Weka kamera tatu, saa tano kuanzia kanisani hadi keki, unakaribia gigabaiti 675 kwa Jumamosi moja, na wiki ijayo kuna sendofu. Hawa nawaambia wafanyie kazi kwenye SSD, wakimaliza wahamishie kwenye diski kubwa mbili za sahani. Memori kadi isifutwe hadi video iko sehemu mbili na mmezifungua zote mkatazama, siyo kuangalia majina tu. Bibi harusi haolewi tena ili mrekodi upya.

Watu wakiniuliza kuhusu kuhifadhi kazi mtandaoni, huwa natoa kikokotoo. Gigabaiti 500, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, ni siku tisa na zaidi bila kupumzika, na hapo umeme haujakatika na bando halijaisha. Video sahau. Ila hesabu, mikataba, na picha za risiti, weka huko leo. Risiti za EFD ni karatasi ya joto, zinafifia zikawa nyeupe, wakati sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 5. Nafasi ya bure ya gigabaiti 15 ya Google inatosha duka dogo kwa muda mrefu sana.

Turudi kwa mama wa Mwaloni. Eksteno yake sikuifungua. Kazi hiyo inataka chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski pacha, na fundi anayekwambia ataifungua mezani hapo na bisibisi, chukua kitu chako uondoke. Nilichofanya ni kumuuliza maswali. Kuna mtu yeyote uliyewahi kumtumia lile faili la hesabu? Akafikiri. Binti yake yuko chuo Dodoma, ndiye aliyemtengenezea, na kila yakiharibika mahesabu humtumia kwa WhatsApp ayanyooshe. Tukampigia. Faili lilikuwepo, la wiki mbili nyuma. Wiki mbili hizo mama alizijaza kutoka kwenye daftari la mkopo, lile la mkono, ambalo alikuwa anataka kulitupa. Picha za mazishi ya mumewe hazikupatikana.

Akanunua eksteno mbili ndogo, terabaiti moja moja. Moja inakaa nyumbani. Nyingine inakaa kwa dada yake Sengerema, anakokwenda kila mwezi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa 2025 safari hiyo haimngojeshi kivuko. Nilimwambia ile ya Sengerema aifunge uzi mwekundu ili asizichanganye. Mwezi uliopita akanipigia akiwa njiani, amezishika zote mbili, hajui ipi ni ya kupeleka na ipi ni ya kurudisha. Nikamwambia aangalie uzi.

"Baba, si uliniambia uzi? Nimefunga zote."