Daktari kukataa kwa sababu ya dhamiri: siyo kama watu wanavyodhani

Kuna hii imani imekaa vichwani mwa watu miaka mingi, eti sheria ikishamlinda daktari au nesi mwenye pingamizi la dhamiri (yaani imani yake inamkataza kufanya matibabu fulani) basi anaweza kukataa kitu chochote na mgonjwa yeyote, yaani anageuka tu anaondoka. Hapana jamani, haiko hivyo.

Chukua Uingereza. Sheria yao ya utoaji mimba ya 1967, kifungu cha 4, inasema hakuna anayelazimishwa kushiriki matibabu hayo kama dhamiri yake inakataa, lakini hapohapo inasema kinga hiyo haipo pale ambapo kazi inahitajika kuokoa maisha ya mama au kumkinga na madhara makubwa ya kudumu. Hapo imani zako unaziweka pembeni unafanya kazi.

Halafu hilo neno kushiriki lilifikishwa mpaka mahakama ya juu kabisa, 2014, wakunga wawili wa Glasgow walikuwa hawataki hata kusimamia manesi wanaohudumia wagonjwa wanaotolewa mimba, na majaji wakasema kinga ni kwa anayetia mkono mwenyewe kwenye matibabu, siyo anayepanga zamu au kupokea simu ya kitengo (mi naona walikuwa sahihi, maana ukilegeza hapo hata karani atakataa kuchapa barua).

Na Sweden je? Kule wahudumu wa afya hawana kabisa sheria ya namna hiyo, wakunga wawili waliponyimwa kazi kwa kukataa kushiriki utoaji mimba walienda hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, 2020 maombi yao yakakataliwa.