Manahodha wawili, sifuri mbili

Nazijibu hapa dhana potofu kuhusu kupima mchango na nguvu ya kila wakala ndani ya kundi. Wakala ninayemsema si wa kutoa pesa stendi. Ni yeyote anayejiamulia mambo ndani ya mfumo wa wengi: programu, roboti, au nahodha wa dagaa anayechagua pa kuwasha taa.

Dhana: ukitaka kujua mchango wa mtu, mtoe upime pengo.

Nimechoka kuisikia hii. Juzi mteja mmoja wa Kirumba, Mwanza, kaniletea jedwali lake la michango, manahodha wawili wameandikiwa sifuri, anataka kuwafukuza wote.

Tuhesabu. Mtumbwi una mwenye taa mmoja na manahodha wawili. Taa na nahodha yeyote mmoja huleta 120,000 kwa usiku. Taa ikikosekana, au manahodha wote wawili, hakuna kitu. Mtoe nahodha wa kwanza: 120,000 ziko palepale. Mrudishe, mtoe wa pili: zilezile. Basi wote sifuri? Watoe kwa pamoja uone kama taa itapiga kasia.

Tena kosa hili hugeuka. Bakiza nahodha mmoja. Ukimtoa yeye, pengo ni 120,000. Ukimtoa mwenye taa, 120,000. Jumla 240,000 kwa dagaa wa 120,000. Hizo nyingine zimevuliwa ziwa gani?

Mwanahisabati Mmarekani Lloyd Shapley alionyesha njia mwaka 1953: waingize watu kwa kila mpangilio wa kufika, andika kila mmoja anaongeza nini anapoingia, kisha chukua wastani. Watu watatu wana mipangilio 6. Mwenye taa anaongeza 120,000 katika minne, yaani kila asipofika wa kwanza. Kila nahodha ana mmoja tu: taa imeshafika, mwenzake bado. Inatoka 80,000, 20,000 na 20,000. Jumla 120,000 kamili: imejaa, haijamwagika. Mimi huwalazimisha wateja waifanye kwa vifuniko vya soda mezani kabla hatujawasha kompyuta. Wananung'unika, lakini hawasahau.

Dhana: mipangilio ni mingi, haihesabiki. Mawakala 10 wana mipangilio 3,628,800, kweli. Nani kasema upite yote? Chota elfu kadhaa kwa kubahatisha, wastani utatulia.

Dhana: wanaotembea pamoja wanavutana. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inalala ufukweni. Ukisoma takwimu utadhani kuna mkubwa wao katoa amri. Ni mwezi. Badilisha mwenendo wa mmoja, mengine yabaki vilevile, ndipo uangalie nani kasogea.

Dhana: anayepigiwa simu na wengi ndiye mwenye nguvu. Huenda anapitisha maneno tu.

Dhana: thamani ya mtu haibadiliki. Yule mteja wa Kirumba nilimsihi asubiri tumalize vifuniko. Hakusubiri, akamfukuza nahodha mmoja. Aliyebaki, kwa hesabu yetu ileile, karuka kutoka 20,000 hadi 60,000 bila kujifunza lolote jipya, na ameshaomba nyongeza.