Nukus: mji wa jangwani ulio na maji karibu mno

Nikitaja Nukus, watu hudhani nitazungumzia ukame. Ni haki yao. Mji huu, makao makuu ya Karakalpakstan huko Uzbekistan, umebanwa na majangwa mawili, Kizilkum na Karakum, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Ila sisi tunaoshughulika na udongo wa chumvi tunaogopa kingine. Chimba shambani msimu wa umwagiliaji: mara nyingi hufikishi mita mbili kabla ya kukuta maji.

Ni maji ya Amu Darya, mto ambao wanajiografia wa Kiarabu waliuita Jayhun. Unatoka kwenye theluji na barafu za milima ya Pamir. Enzi ya Wasovieti kilimo cha pamba kilipanuliwa kupita kiasi, na mifereji mingi ilichimbwa kwenye udongo mtupu bila kusakafiwa. Ikawa inavuja njia nzima.

Sasa fikiria utambi wa kibatari. Mafuta yako chini, moto uko juu, na mafuta yanapanda yenyewe. Udongo nao una vitundu vidogo vinavyovuta maji hivyo hivyo, na jua la Julai ndilo moto. Maji yakifika juu hupotea hewani, chumvi ikabaki. Ndiyo maana unakuta shamba limekuwa jeupe kama limemwagiwa unga.

Dawa yake humshangaza mgeni: maji zaidi. Kuelekea mwisho wa baridi, kabla ya kupanda, wakulima hugawa shamba kwa matuta kama majaruba ya mpunga, wakayajaza maji ili yashuke na chumvi. Hufaa endapo tu mitaro ya kutolea maji ni ya kina na haijaziba. Ikiziba, umeongeza mafuta kwenye kibatari.

Na chumvi iliyooshwa huenda wapi? Sehemu yake hurudi mtoni, na Nukus iko mkiani, ikipokea masalia ya kila shamba la juu. (Habari za Bahari ya Aral, ambako mto huu ulikuwa ukiishia kabla haijakauka, na meli zilizokwama mchangani katika mji wa Moynaq mmeshazisikia, sizirudii.)

Wageni wengi huja kwa ajili ya michoro iliyomo katika makumbusho ya mkusanyaji wa sanaa Igor Savitsky, yaliyofunguliwa 1966, na wana haki. Mimi nikipita mitaani hutazama kuta za matofali, pale chini zinapokutana na ardhi, nione ukungu mweupe wa chumvi umepanda hadi wapi.